Mama anauliza nasomea nini

Kila Jumapili jioni mama ananipigia WhatsApp kutoka Muheza, na tukishamaliza shikamoo, marahaba, machungwa mwaka huu yameuzwaje, nani kaoa nani katangulia mbele ya haki, linakuja lile swali. "Hivi mwanangu, huko unasomea nini vile?" Namwambia afya na huduma za jamii, mama. "Udaktari?" Hapana mama. "Aaah, unesi." Hapana. "Haya." Alafu anakaa kimya na mi najua anachowaza, anawaza majirani, maana mtoto wako akiwa Ulaya miaka yote hiyo na unatangaza yuko chuo kikuu lazima uwe na neno moja la kumpa mtu mkikutana sokoni, daktari, mwanasheria, injinia, na hilo neno mi sijampa.

Nipo Leicester, katikati ya Uingereza, nilikuja 2016 kwa viza ya mume. Kazi yangu ni ileile ya wabongo wengi huku, kea homu, kulea wazee, shifti za usiku. Mwaka 2022 nikiwa na miaka 36 nikaanza digrii yenye mwaka wa faundesheni, na sasa niko mwaka wa mwisho, kama dizatesheni, ile kazi ndefu ya kumalizia digrii, haitanimaliza mimi kwanza. Tangu niweke ile picha ya kitambulisho cha chuo kwenye status watu wananifuata inboksi kuuliza, nikaona bora niandike mara moja.

Wifi yangu nilipomwambia naanza na faundesheni alicheka mpaka akakaa chini. Wifi, umri huu unaenda kusomea kujipodoa? Maana kwetu faundesheni ziko mbili tu, ya usoni na ya nyumba. Nikamwambia ni hiyo ya nyumba. Digrii ya kawaida hapa England ni miaka mitatu, yenye faundesheni ni minne, na ule mwaka wa mbele wenyewe wanauita mwaka sifuri, yaani unasota mwaka mzima ili sifuri iishe ndo uanze kuhesabu moja. Umewekwa kwa mtu ambaye hana A-level au vyeti wanavyotaka, au kakaa nje ya shule mpaka kasahau hata kukaa darasani. Mi nilikuwa vyote viwili. Form four nilimaliza Tanga 2003, Kiingereza C, hesabu F isiyo na ubishi, alafu miaka 19 bila kuandika chochote kirefu zaidi ya taarifa ya usiku, mzee fulani kalala vizuri, kanywa chai, kaenda haja. Hesabu ilibidi niirudie kwanza jioni koleji, ule mtihani wa Functional Skills Level 2, na nilipopata paso nililia kwenye basi watu wakadhani nimefiwa.

Kwanini nisome sasa. Hapa lazima nirudi 2020.

Aprili ya mwaka ule kwenye kea homu tuliyokuwa tunafanya kazi wazee walitolewa kwa mlango wa nyuma, mmoja, wa pili, wa tano, nikaacha kuhesabu. Alafu ikafika mwisho wa Juni, nchi inajiandaa kufunguliwa, serikali ikatangaza Leicester tunabaki ndani, mji wa kwanza Uingereza kuwekewa lockdown yake peke yake. Nottingham hapo pua na mdomo watu wanaenda kunyoa, sisi tumefungiwa. Kwenye magrupu majibu yalikuwa tele, mara watu weusi hawana vitamini, mara watu wanapenda wenyewe kujazana kwenye nyumba, mara ni laana. Mi swali langu lilikuwa dogo tu, kwanini sisi? Kwanini kazini tulioumwa wengi ni wale tunaotoka usiku tunapanda basi tunarudi kwenye nyumba ya vyumba viwili watu saba, na wale waliokuwa wanafanya kazi na laptopu sebuleni kwao hata kikohozi hawakupata? Jibu nilikuwa nalihisi kabisa, kama jina la mtu lililo kwenye ncha ya ulimi, ila sikuwa na maneno yake.

Basi nikatuma maombi. Chuo sikitaji, siyo cha ajabu, ni cha mji tu. Kilichotaka kunirudisha nyuma ni hela, na tena siyo hela yenyewe bali riba. Ada ilikuwa pauni 9,250 kwa mwaka na faundesheni ilikuwa bei hiyohiyo, kwa hiyo piga mara nne. Mkopo wa serikali unalipa ada moja kwa moja chuoni, wewe huzishiki, na unaanza kurudisha pale mshahara ukivuka kiwango, kwa sisi tulioanza kabla ya Agosti 2023 kiwango cha 2025 kilikuwa pauni 28,470 kwa mwaka, na wanakata asilimia 9 ya kile kilichozidi tu. Kwa kiwango hicho, ukilipwa 30,000 ilikuwa kama pauni 137 kwa mwaka. Baada ya miaka 30 kilichobaki kinafutwa, walioanza baada yetu wamewekewa miaka 40. Sasa kwa maelezo hayo mtu anasema mbona rahisi, lakini una riba, na mimi ni mtoto wa Kiislamu kutoka Tanga. Shemeji yangu akasema haramu kwa herufi kubwa. Niliuliza mashekhe wawili nikapata majibu mawili. Serikali yenyewe imeahidi mkopo usio na riba kwa Waislamu miaka zaidi ya kumi sasa, sheria ya kuruhusu ilipitishwa 2017, na hadi naandika hivi bado hatujauona. Nilichofanya nilichukua mkopo wa ada tu, ule wa kujikimu nikauacha, nikabaki na usiku wangu tatu kwa wiki. Shemeji bado hajaridhika na wala sijamlazimisha aridhike. Mtu mwingine ataamua vyake.

Siku ya kwanza darasani nilijua nitakuwa bibi yao. Wapi. Kulikuwa na mama wa Kiromania mwenye wajukuu, baba wa Kisomali dereva wa teksi, dada wa Kikongo tuliyeanza kuongea Kiswahili hapohapo, yeye cha Bukavu mi cha Tanga, tunaelewana nusu tunacheka nusu, na vijana watatu wa miaka 19 waliokaa nyuma wameshika simu na baada ya Krismasi hatukuwaona tena. Faundesheni ni hivyo. Wengi ni watu wazima waliochoka wenye watoto, na wengi ni wa kea homu kama mimi, ukipiga darasa picha saa tatu asubuhi utaona nani katoka naiti, kichwa kinaenda kinarudi.

Tulifundishwa baiolojia ya mwili kidogo, saikolojia kidogo, sosiolojia, takwimu za kuanzia, na modyuli moja nzima ya namna ya kuandika, na hiyo ndo iliyonitoa jasho. Kazi ya kwanza ilikuwa kuandika tafakari ya tukio la kazini kwa kufuata mduara wa Gibbs. Huyu Gibbs wa 1988 kila mtu anayesoma mambo ya afya huku anamjua na wengi wanamchukia. Una hatua sita, eleza kilichotokea, ulijisikiaje, kipi kilikuwa kizuri na kibaya, changanua, hitimisha, alafu ukitokea tena utafanyaje. Mimi hatua ya kwanza niliandika kurasa mbili. Hatua ya pili, ulijisikiaje, nikaandika "nilisikitika" nikaweka nukta. Jamani kwetu nani anaulizwa alijisikiaje? Umefiwa unaambiwa jikaze. Halafu kosa kubwa, niliandika jina la mzee. Jina lake kamili, na chumba, na ugonjwa. Sikuwa na nia mbaya, niliona ndo heshima, mzee wa watu nimtaje "mteja X" kama mtuhumiwa? Kazi ikarudi na 38, paso ni 40, na maelezo ya upole lakini makali kwamba hiyo ni siri ya mtu, siyo hadithi yangu ya kugawa. Nikarudia, na ukirudia hata uandike kama malaika unapewa 40 tu.

Nilikaa na hiyo 38 wiki nzima. Maana miaka sita nilikuwa nasaini mafunzo ya usiri kila mwaka pale kazini, bofya, bofya, umefaulu, cheti hiki hapa, na sikuwahi kuelewa. Hata huyo mzee ntakayemtaja hapo chini nimembadilisha mambo kadhaa, mkimtafuta hamumpati.

Jingine ni referensi. Shuleni kwetu mwanafunzi mzuri ni anayejua jibu. Huku ukisema jambo bila kusema kasema nani na mwaka gani, umeandika umbea. Niliandika "inajulikana kwamba umaskini unaleta magonjwa", mwalimu akaandika pembeni, inajulikana na nani? Nilikasirika, nikasema huyu mama hajawahi kulala njaa. Alafu nikaenda kutafuta inajulikana na nani, na hapo ndo mlango ulipofunguka, sikutarajia.

Kumbe hiyo "inajulikana" ina wenyewe, na wana majina. Kuna utafiti wa Whitehall ulioanza 1967, waliwafuatilia makarani na mabosi wa serikali ya Uingereza, wanaume watupu, wote wana ajira, wote wana ofisi, hakuna hata mmoja unayeweza kumwita maskini wa kutupwa. Na bado, kadiri cheo kinavyoshuka ndivyo vifo vya moyo vinavyopanda, ngazi kwa ngazi kama ngazi za mnazi, wale wa chini kabisa wakifa kwa moyo karibu mara tatu ya wale wa juu. Kuna ripoti ya Black (ni jina la daktari aliyeiongoza) ya 1980 iliyosema pengo la afya kati ya matabaka halijazibwa na NHS (huduma ya afya ya serikali huku), na serikali ya wakati ule ikaitoa nakala 260 tu, sikukuu ya Agosti, watu wako likizo. Nilipenda hicho kipande kuliko vyote, maana hizo mbinu tunazijua, taarifa mbaya inatolewa Ijumaa jioni. Alafu ule mchoro wa Dahlgren na Whitehead wa 1991, kama upinde wa mvua, katikati mtu na umri wake na damu yake, nje yake tabia zake, nje yake ndugu na majirani, nje yake kazi, nyumba, maji, shule, na nje kabisa uchumi na siasa. Niliukodolea macho nikaiona Leicester. Nikaiona nyumba yetu ya watu saba, ikaonekana na kazi isiyofanyika kwa laptopu, na basi la asubuhi. Jina lililokuwa kwenye ncha ya ulimi likatoka.

Kuna mzee kazini aliyefanya kazi ya mgodi wa makaa ya mawe ujana wake, upande wa Coalville, migodi ilishafungwa zamani. Mapafu yamekwisha, usiku anakaa kitandani kama anayesukuma gari. Zamani nilikuwa namwangalia nasema sigara hizo. Na kweli alivuta. Usiku mmoja akaniambia baba yake naye alikufa kwa kifua, na baba mdogo, na nusu ya mtaa, na kule chini kwenye shimo sigara walikuwa hawaruhusiwi. Hakusema zaidi akaomba chai. Sikumtibu kitu mimi, nilimpa chai na nikamwekea mto, lakini niliandika kwenye taarifa yangu ya usiku mambo ya mgodi ambayo nisingeyaandika zamani, nesi akayasoma, ikawa mjadala.

Sasa nirudi kwa mama. Semina moja ya sera tulisoma ripoti ya Beveridge ya 1942, ile iliyozaa huduma nyingi za jamii za huku mpaka NHS ikaanza Julai 5, 1948. Beveridge alisema nchi ina majitu matano ya kupigana nayo, ufukara, maradhi, ujinga, uchafu wa makazi na kukosa kazi. Mi nikanyoosha mkono nikasema kwetu walikuwa maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi, kila mtoto wa Tanzania anawajua, Mwalimu Nyerere aliwataja tangu uhuru. Darasa zima likageuka. Mwalimu akauliza vizuri sana, na huyo wa maradhi mlimpigaje? Nikabaki mdomo wazi. Nilikuwa najua maadui kwa ghibu ila vita yenyewe sijui.

Jumapili nikamuuliza mama. Akacheka. "Si Mtu ni Afya!" Ile kampeni ya afya ya redioni. Mama mwaka 1973 alikuwa binti wa miaka 21, akanisimulia kwa saa nzima bando likaisha tukaunga. Kikundi chao kilikaa chini ya mwembe kwa balozi wa nyumba kumi ambaye ndo alikuwa na redio, kipindi kinakuja kutoka Dar kila wiki, wakimaliza kusikiliza mmoja anayejua kusoma anasoma kijitabu, malaria, safura, kichocho, kifua kikuu, alafu wanaulizana, sisi hapa tuna nini, tufanye nini wiki hii. Walifyeka majani, walichimba vyoo. Na bibi yangu aligoma. Akasema mkwe na mkwe hawachangii choo, hiyo serikali ya wapi. Wakakaa kikao, wakachimba viwili.

Nilienda kusoma zaidi nikakuta kampeni ile ilifikia watu wazima kama milioni mbili, na huku watu wa uhamasishaji wa afya wanaitolea mfano mpaka leo. Nikafanya presentesheni yangu juu ya Mtu ni Afya, na sehemu iliyowaua ni ya bibi na choo, kwa sababu mihadhara yote ilikuwa inatuambia lazima ufuate utamaduni wa watu, uwashirikishe, usiwaletee amri, na bibi yangu alishalisema lote hilo kwa kugoma. Nilipata 71. Huku 70 ndo daraja la kwanza, wao hawatoi tisini kirahisi. Nilimpigia mama kwa furaha, akasema "sabini na moja? Na ile nyingine ishirini na tisa kaichukua nani?"

Sasa ya mezani. Digrii hii haikufanyi nesi. Rudia na mimi. Unesi una kozi yake na unasajiliwa na NMC, baraza la manesi na wakunga, social woka (ofisa ustawi wa jamii) naye ana kozi yake na anasajiliwa na Social Work England, digrii ya afya na huduma za jamii haina usajili wowote. Inakupeleka kwenye kuratibu huduma, kusimamia kea homu, mashirika ya hisani, halmashauri, makazi, uhamasishaji wa afya, au unaunganisha na masta ya social woki miaka miwili. Kama moyo wako ni unesi nenda kwenye unesi, maana wale wana nyongeza ya pauni 5,000 kwa mwaka ambayo sisi hatuigusi. Nimeona watu wanne wanagundua hili mwaka wa pili, na kilio chao siyo kizuri.

Pia kuna njia ya Access, diploma ya mwaka mmoja koleji, mkopo wake unafutwa ukimaliza digrii baadaye, na unaweza kuomba vyuo vingi. Ningejua ningeifikiria. Faundesheni mara nyingi inakufunga kwenye chuo kimoja. Kuanzia 2025/26 ada ya faundesheni za masomo ya darasani kama biashara na sayansi ya jamii imeshushwa kwa sheria hadi pauni 5,760, kwa hiyo uliza kozi yako iko kundi gani kabla hujasaini.

Na wale kaka na dada wanaokufuata saluni, kanisani, msikitini, "dada siku mbili tu kwa wiki, hela inaingia, mtihani hakuna", ujue wanalipwa kwa kichwa chako. Deni ni lako. Mi simzuii mtu, ila uliza nani anatoa hiyo digrii na nani anafundisha, wakianza kuzunguka shika mkoba wako uondoke.

Mliokuja kwa viza ya kea tangu 2022, mnaniuliza sana na jibu linaniuma kulitoa, mkopo wa serikali hamuupati mpaka mpate ukaazi wa kudumu, mtalipa ada ya mgeni. Na mlio Bongo mnaotaka kuja kwa ajili hii tu, jamani Chuo Kikuu Huria kina faundesheni yake, na Taasisi ya Ustawi wa Jamii ipo pale Kijitonyama. Bei ya huku kwa mgeni unajenga nyumba, faundesheni mpaka kenchi.

Dizatesheni yangu ni maneno elfu kumi kuhusu wafanyakazi wa usiku kwenye kea na usingizi, naiandika baada ya shifti za usiku bila usingizi, mwalimu anasema hiyo ni data. Jumapili iliyopita mama akapiga, tukamaliza shikamoo, tukamaliza machungwa, nikawa nasubiri swali. Halikuja. Nikaona niulize mwenyewe, mama leo huniulizi nasomea nini? Akasema nimechoka kukuuliza, mama wa jirani kaniuliza juzi nikamjibu mwenyewe.

Umemwambiaje?

"Nimemwambia anasomea Mtu ni Afya. Akasema aaah, kumbe."